Mjane wa kwenye mkanda

Kasulu, Jumapili usiku, Juni 2014

Watoto wangu wamenichosha. Tumetoka ibadani, tumekula vizuri, wakaweka mkanda wa mama mjane kama mimi, anayeolewa tena. Mimi nimeupenda. Yule mama anamcha Mungu, na yule mwanamume anamheshimu.

Wao sasa! Eliya, mwanangu wa kwanza, akasema, "Bibi mzima anatafuta nini? Si atulie alee wajukuu!" Dada yake akacheka: "Mama, ungekuwa wewe tungekufungia ndani!"

Nikauliza dhambi iko wapi. Eliya akanijibu, "Mama, hiyo ni sinema tu."

Sinema tu! Na Yohana wa Buhigwe, aliyefiwa na mkewe, anakuja Jumamosi kuniposa, na leo ndiyo nilitaka kuwaambia. Nikaenda kuosha vyombo kwa hasira, sufuria zikalia kama ngoma.

Halafu nikarudi, nikazima deki. "Jumamosi mfagie uwanja, kuna wageni."

"Wageni gani, mama?"

"Wa kuniposa mimi."

Hakuna aliyecheka. Wamelala bila kuniaga. Ee Bwana, naogopa kuwapoteza wanangu, lakini Yohana sitamwambia asije.