Pijo Iliyong'aa Mno

Murara, Goma, tarehe 16 Machi 2025

Mudogo wangu Alimasi,

Assalamu alaykum. Ikiwa Kampala imekupokea vizuri, sisi hapa tunapumua. Shemeji yako Asha miguu inamuuma tangu mvua zianze, lakini anapika na kugomba kama kawaida, basi ujue ni muzima.

Barua hii nimempa Janvier aipitishe mpakani Bunagana ndani ya lori lake, maana siku hizi simu za watu zinafunguliwa njiani na kusomwa. Habari yenyewe ni gari. Wenye silaha wanapita nyumba kwa nyumba wakitafuta magari yanayotembea. Jirani yetu Cirimwami wamemchukulia gari yake ya jipu asubuhi, naye amebaki na ufunguo wa pili mfukoni.

Pijo yetu iko uani chini ya bati, kama ulivyoiacha. Ulifanya vema kutoa karburateri na kuondoka nayo katika sanduku la nguo. Bila kipande hicho kinachochanganya hewa na mafuta, hakuna fundi atakayeiwasha. Lakini nauliza: kutowaka kunatosha? Ijumaa zetu zote za miaka tisa za kuitengeneza ziko pale uani.

Mukubwa wako,
Mahamudi


Kampala, tarehe 2 Aprili 2025

Yaya Mahamudi, mukubwa wangu,

Wa alaykum salaam. Mimi ni muzima, ila joto la mchana na chakula cha kununua vimenikondesha. Mupe pole shemeji, mwambie nakumbuka sombe yake ya majani ya muhogo kuliko ninavyokumbuka nyumbani.

Kutowaka hakutoshi. Wale hawasikilizi injini, wanaangalia kwa macho. Gari lazima ionekane mzoga. Toa upepo kwenye magurudumu, paka matope kwenye vioo. Unakumbuka tulivyoikuta kule Keshero uani kwa mama Marcelline, kuku wake wakitagia kwenye kiti cha nyuma? Rudisha kuku, yaya.

Na ninakujua. Usiifute vumbi.

Mudogo wako,
Alimasi


Murara, tarehe 11 Mei 2025

Mudogo wangu,

Salaam kwako, na Mungu akurudishie mwili. Hapa mvua haijaacha. Asha sasa anatembea na fimbo, lakini uani anafika.

Nimefanya ulivyosema. Magurudumu yamelala. Kuku wa Asha wanalala ndani ya Pijo, na yeye alicheka mpaka akakaa chini. "Wanaume wawili," akasema, "miaka tisa wanatoa mavi ya kuku, leo wanayarudisha."

Kitu kimoja tu nikuambie. Mavi yale yanakula rangi, kwa hiyo nimetandika plastiki kwenye viti. Matope niliyopaka yalishika maji pale chini ya mlango, pale tulipochomelea bati jipya, nikayaosha kabla kutu haijaingia. Taa za mbele nimezipitishia kitambaa, basi. Ile buluu yetu ukiiacha wiki mbili na majivu ya volkano inachubuka kama ngozi ya mutoto. Huwezi kunilaumu kwa hilo.

Mukubwa wako,
Mahamudi


Murara, tarehe 29 Juni 2025

Alimasi,

Nakusalimia, na usiogope, tuko wazima. Barua yako ya kunikanya Janvier ameileta wenye silaha wakiwa wamekwisha kuja.

Waliingia watatu, kwa adabu. Niliwaonyesha kuku, nikawaambia gari imekufa, nimekuwa nikitafuta mutu wa kuinunua kama chuma. Mukubwa wao aliizunguka mara moja, akainama mbele ya taa, akajiangalia na kupanga kofia yake.

"Muzee," akaniambia, "gari iliyokufa haifanyi kazi ya kioo."

Walinisaidia kuwatoa kuku. Kisha wakanifanya nijaze upepo kwa pampu yangu mwenyewe, wakaifunga kamba, wakaivuta mpaka barabarani kama mbuzi anayekataa kwenda sokoni. Asha alisimama mlangoni na fimbo yake, na mpaka leo hajanicheka.

Jana wamerudi. Wamegundua kipande kinakosekana. Niliwaambia kiko Kampala kwa mudogo wangu. Mukubwa wao akasema kitarudi, ao nitakwenda kulala kwao mpaka kirudi.

Umpe Janvier. Usifikirie sana.

Mukubwa wako,
Mahamudi


Kampala, tarehe 15 Julai 2025

Yaya,

Salaam kwako na kwa shemeji. Sina jambo la afya la kukuambia, ninakula na ninalala.

Karburateri iko na Janvier, imefungwa katika shati langu la sikukuu. Sitakuficha. Nilipopata barua yako nilikiweka kile kipande chini, nikachukua nyundo. Kingefika kikiwa na ufa mdogo tu, usioonekana. Kisha nikafikiria nani atakayesimama mbele yao siku gari itakapokataa kuwaka.

Basi nikakifungua, nikasafisha vile vitobo vidogo kwa sindano, kimoja kimoja. Sikuweza kukituma kichafu.

Mudogo wako,
Alimasi


Murara, tarehe 24 Agosti 2025

Mudogo wangu Alimasi,

Assalamu alaykum. Janvier amefika salama. Shati lako Asha amelifua na kulikunja. Ninalala nyumbani.

Walinipeleka mimi mwenyewe kuifunga ile karburateri. Uwanja wao ulijaa magari ya watu, hata jipu ya Cirimwami niliiona. Nilikaza boliti zetu, nikamimina mafuta, mukubwa wao akakaa kwenye usukani. Miaka tisa tulingoja sauti hiyo, Alimasi. Iliwaka mara ya kwanza, ikatulia, laini, bila kukohoa. Mimi nikacheka. Kati yao pale, nilicheka kwa sauti, na wao wakacheka pamoja nami, mmoja akanipiga begani akasema muzee uko fundi.

Tangu siku hiyo wananiita. Mara breki, mara maji ya radieta. Nikikawia wanatuma kijana mlangoni, na Asha ananipa koti bila kuniangalia.

Wiki hii wameipaka rangi ya kijani, kwa brashi ya ukuta, juu ya buluu yetu. Hawakuziba kitu, hata vioo. Rangi imeingia kwenye mipira ya madirisha, imeshika hata zile taa za mbele.

Nimewaomba ruhusa niitoe pale kwenye vioo. Wamekubali.

Nakwenda kesho. Ukipata ule msasa laini wa kule Kampala, umpe Janvier.

Mukubwa wako,
Mahamudi