Chati Inayojigeuza

Jumatatu, 4 Machi

Ofisi imetangaza leo: mwisho wa chati za karatasi. Kila kitu sasa kiko kwenye kishikwambi — ramani za viwanja vya ndege, njia za kushuka, yote. Masanduku mawili ya karatasi yametolewa ndani ya ndege. Kapteni aliyasindikiza kwa macho mpaka kwenye gari la taka.

Kapteni ni mjomba wangu, kaka yake mama. Ndiye aliyenifundisha kazi. Ila ana sheria moja: mlango wa ndege ukifungwa, udugu unabaki nje. Humo ndani yeye ni Kapteni na mimi ni rubani msaidizi. Mjomba ni wa nyumbani.

Ijumaa ana mtihani. Mkaguzi atakaa nyuma yetu kumtazama anavyoitumia hiyo programu mpya ya chati. Akifeli, harushi ndege tena. Kwa umri wake ofisi haitampa nafasi ya pili. Meneja ameshamwonyesha meza atakayokalia, karibu na mashine ya fotokopi. Eti mzaha. Si mzaha.

Jumanne, 5 Machi

Somo la kwanza, sebuleni kwake. Tatizo nimeliona. Miaka yote hii, ndege ikiwa bado inatembea chini, Mjomba huigeuza karatasi ielekee anakoelekea. Ndege ikienda kusini, karatasi anaipindua juu chini. Hapo kulia kwa chati ni kulia kwake. Haijawahi kumpoteza.

Sasa anakipindua kishikwambi — na picha inajigeuza yenyewe, kaskazini inarudi juu! Akapindua tena. Ikarudi tena. Alikitazama kama mtu aliyejibiwa vibaya na mtoto. Mkewe alicheka mpaka akatoka sebuleni.

Nilimwambia ramani yenyewe inaweza kuwekwa izunguke pamoja na ndege. Hataki. Eti inamtia kizunguzungu. Kichwa ngumu! Basi nikaizuia skrini isijigeuze. Alama ya kikufuli ikatokea juu pembeni. Akapindua, picha ikatulia juu chini kama karatasi.

"Sasa tunaelewana," akasema. Alikuwa anakiambia kishikwambi, si mimi.

Alhamisi, 7 Machi

Safari mbili, mizigo tu. Kona zote kazipata. Kindege cha buluu kwenye ramani kilitufuata hadi kwenye maegesho. Jioni fundi wa kompyuta amevichukua vishikwambi vyote kuingiza chati mpya.

Ijumaa, 8 Machi

Niko koridoni, nje ya chumba cha mkaguzi.

Asubuhi Mjomba alikagua tarehe ya chati: mpya. Na mimi nikakagua: mpya. Hakuna aliyetazama kile kikufuli. Fundi alikuwa amerudisha kila kitu kama kilivyotoka dukani.

Tulikuwa tunaelekea kusini, mkaguzi nyuma yetu. Mnara wa kuongozea ndege ukatuambia tuingie njia C, tusubiri humo mpaka ndege inayokuja kutua ipite. Nikajibu redioni. Mjomba akakipindua kishikwambi mapajani, macho nje, kama inavyotakiwa. Picha ikajirudisha. Hakuiona. Kisha akatupa jicho chini mara moja tu. Njia C ilikuwa kulia kwetu. Kwenye skrini ilionekana kushoto.

Akakata kushoto. Huko ndiko ilikokuwa njia ya kurukia, na taa za ndege inayotua zilishaonekana.

Sikufikiri.

"Mjomba, simama!"

Ndege ikasimama. Mstari wa kuzuia ndege zisiingie njia ya kurukia ulikuwa mbele ya pua, hatujauvuka. Ile nyingine ikatua, ikapita. Mkaguzi akaandika kitu. Tukarudi maegesho.

Tulipozima injini, mkaguzi aliuliza jambo moja: nani aliisimamisha ndege hii? Kama Kapteni alishagundua mwenyewe, mguu uko kwenye breki kabla sijapaza sauti, basi ni kosa la kurekebishwa. Kama ni sauti yangu, basi amefeli. Akasema atatuita mmoja mmoja.

Mimi najua. Miguu yake niliiona. Visigino vilikuwa sakafuni, vidole havijapanda kwenye breki. Vilipanda baada ya kusikia sauti yangu.

Nampenda huyu mzee. Naandika hapa kwa sababu sijawahi kumwambia. Naogopa kumwona kwenye ile meza ya fotokopi, anapanga karatasi za watu. Na zile taa naziogopa pia. Zilikuwa karibu.

Ameketi mbele yangu. Ameokota kipeperushi cha kampuni mahali fulani, anakigeuza polepole — juu chini, chini juu. Nilidhani atanigombeza kwa kumwita mjomba ndani ya ndege, tena mbele ya mkaguzi. Hajagusia.

Kazini hajawahi kuniita kwa udugu, hata siku moja. Sasa hivi ameinama kwangu, sauti ya chini:

"Mwanangu. Mguu wangu si ulikuwa kwenye breki?"

Najifanya naandika. Naandika kweli.

Mlango umefunguliwa. Mkaguzi anataka kuanza na mimi.