Jeshi Lililobeba kwa Mikono Miwili

Jumamosi, jioni. Mvua imekatika tangu adhuhuri lakini Kiembe Samaki yote bado ni madimbwi. Nimejifungia chumbani na simu nimeizima. Naona haya, na haya zenyewe siwezi kumwambia mtu uso kwa uso, ndiyo maana naandika hapa bloguni.

Wanaonisoma wanaujua wazimu wangu: tamthilia ya Ngome ya Chumvi, yenye mazimwi na malkia wa jicho moja. Wiki iliyopita kipindi kiliishia jeshi la kaskazini likishuka bondeni kuelekea ngomeni. Askari maelfu, kila mmoja ameilaza ngao yake mikononi, na juu yake pana kitu kimefunikwa kitambaa. Kikakatikia hapo hapo. Kundi letu la mashabiki likawaka. Wengine wakasema ni sumu, wengine moto. Mimi, bingwa wa kujipachika, niliandika kurasa tatu kuthibitisha kuwa ni mayai ya mazimwi.

Nilikitazama na Shangazi, dada yake baba, ambaye nakaa kwake tangu nimalize skuli. Shangazi hupamba sinia za posa na harusi, na siku ya kupeleka hufuatana na wabebaji kuwaelekeza. Kiingereza hakijui, kwa hiyo mimi humfasiria, naye hutazama huku anakata riboni. Jeshi lile alilitazama kidogo tu.

"Hao hawaji kupigana, mwanangu. Hebu watazame mikono. Mtu akibeba kwa mikono miwili, ama anarudisha cha wenyewe, ama anakuja kuomba. Wa vita huacha mkono mmoja."

Nilicheka. Nikamwomba arudie, na simu yangu chini ya mto inarekodi.

Nikaitupa sauti yake kundini: "Msikilizeni mchambuzi wetu mpya." Watu walicheka mpaka basi. Mmoja akaitilia ngoma, ikatoka kundini ikaenda zake mjini. Mimi nilikuwa nahesabu vicheko, nafurahi. Sitajidanganya kwamba sikujua ninachokifanya.

Alhamisi Shangazi alipeleka sinia za posa Mbweni. Alipoanza kuwaelekeza wabebaji, wasichana wa nyumba ile wakaitambua sauti. Wakamwigiza, "Mikono miwili, mwanangu!" na mmoja akaipiga ile rekodi mbele ya wakwe. Kazi ya miaka yote ile, heshima yake yote, ikawa mzaha wa ukumbini.

Alirudi akaziegemeza sinia zake ukutani. Laiti angenigombeza.

"Kumbe siku zote hizi nlikuwa nnakuchekesha?"

Nikasema, hapana, Shangazi. Akasema, "Haya," akaenda kutia udhu.

Jana kilitoka kipindi cha mwisho. Nilimwita, akaniambia ana kazi. Nikatazama peke yangu, bila mtu wa kumfasiria, na nusu ya maneno yalinipita. Jeshi likafika langoni. Askari wakapiga magoti, wakafunua vitambaa. Ilikuwa mifupa ya watu wa ngome waliouawa vita vya mwanzo. Wamewarudisha wakazikwe kwao.

Hapa ndipo penye aibu yangu kubwa. Sikumfikiria Shangazi. Nilikimbilia kundini, nikakuta wanapiga kelele: "Yule mama alijua! Mlete tena!" Nami nikaandika, "Subirini." Niliandika kweli, kwa vidole vyangu. Ndipo nikaziona zile sinia ukutani.

Nimeifuta rekodi. Kwangu imefutika, kwenye simu za watu bado inacheza.

Jioni hii, kabla ya kujifungia humu, nilitia chai ya mdalasini vikombe viwili, nikampelekea Shangazi juu ya sinia. Alikuwa amekaa mkekani na riboni zake.

"Shikamoo, Shangazi."

"Marahaba."

Aliitazama mikono yangu kabla ya kunitazama uso.

"Umekuja kurudisha, au umekuja kuomba?"

"Kuomba," nikasema. "Nilikurekodi, nikakuanika watu wakucheke. Cha kurudisha sina. Nisamehe."

Alichukua kikombe kimoja, kingine akakiacha kwenye sinia, akaendelea kukata. Nilisimama pale nisijue. Ameniachia nikae ninywe naye, au ameniambia niondoke na changu? Nikaogopa, nikaondoka nacho.

Kiko hapa mezani ninapoandika. Nia ya jeshi lisilokuwepo duniani niliiandikia kurasa tatu, na ya Shangazi yangu, hatua sita kutoka hapa, nimeshindwa kuijua. Na sikumuuliza.

Kikombe bado kina moto kidogo. Narudi nacho, mikono miwili, nikamuulize kama naweza kukaa.