Mjomba Aliyesema Kweli Forodhani

Maskati, 1969

Mjomba,

Salamu sikupi. Wewe ndiye uliyenifundisha kuanza barua kwa salamu ndefu, na leo naanza bila ya hizo ili ujue mapema kwamba bado nina hasira.

Matanga yako yamekwisha jana. Waliokuja walikusifu kwamba ulikuwa mtu wa kujali jamaa. Mimi nilikuwa nawamiminia kahawa.

Wao hawakukaa darasani kwako Unguja. Mimi nilikaa, benchi la mbele, nikikuita Mwalimu mpaka kengele ilie, kisha Mjomba njia nzima hadi nyumbani kwa mama yangu, dada yako. Ulitusomesha mashairi ya kale ya Waingereza, ya wale Waanglo-Saksoni wa panga na ngao, ukipiga meza kwa kiganja mara nne kila mstari. Ulisema kwao mtu asiye na jamaa ni maiti anayetembea. Ulisema anayekimbia vita akawaacha wenzake haaibiki peke yake, ukoo mzima hunyang'anywa ardhi na heshima. Ulipofika kwenye habari za mjomba na mpwa, ulinitazama mimi.

"Mtoto wa dada hasimami nyuma ya mjomba wake," ulisema. "Husimama ubavuni."

Darasa zima lilinigeukia. Nilijiona mkubwa siku ile, mpumbavu mimi.

Mambo yalipoharibika kwetu mwaka wa sitini na nne, wewe ulitangulia huku na mama akakimbilia Mombasa. Miaka miwili baadaye nikakufuata. Forodhani hapa Maskati waliniambia hashuki mtu bila ya jamaa wa kumdhamini. Nikalitaja jina lako kwa majivuno, wakatuma mtu kukuita. Ulikuja na kanzu imepigwa pasi. Niliinuka nikubusu mkono, ukautia mfukoni.

Ofisa alikuuliza kama mimi ni wa kabila lenu.

"Babake Mngazija," ulisema. "Si wetu huyu. Mimi simdhamini."

Kila neno lilikuwa kweli. Kabila hufuata baba, na baba yangu, Mungu amrehemu, alikuwa Mngazija wa Komoro. Najua uliogopa, nawe mwenyewe ulikuwa mgeni kazini. Lakini hata zimwi likujualo halikuli likakwisha, na wewe hukuombwa zaidi ya kunijua. Wale wa kwenye mashairi yako nao hawakuogopa?

Aliyeniokoa ni mzee mpishi wa halua wa Matrah, mji wa jirani, aliyekuja kuchukua gunia lake la iliki. Hakuwahi kuniona kabla. Alisikia Kiswahili changu nikikuita ulipokuwa ukiondoka, akaenda mbele ya meza.

"Mwandikeni kwangu," alisema. "Huyu mwanangu."

Ofisa alijua kuwa ni uwongo. Alicheka, akaandika.

Tangu siku ile nakoroga halua yake. Nawe ulipokuwa ukipita sokoni ulivuka upande wa pili, ukanunua kwa jirani, halua mbaya yenye sukari ya kuungua. Nilikuona kila mara. Na mama katika kila barua aliniambia nikufikishie salamu zake. Nilimjibu kwamba umezipokea kwa furaha na umenipa chumba kwako. Sikuweza kumwandikia kaka yake alivyo.

Kisha moyo wako ukasimama, na mwanao yuko Cairo masomoni. Imamu aliuliza nani wa karibu na marehemu, aingie kumwosha. Watu wakatazamana. Mimi nilikuwa mlangoni. Ningeweza kusema uliyoyasema wewe, kwamba si wetu huyu, na ningekuwa nimesema kweli kama wewe. Nilitaka kulisema neno hilo, Mjomba. Miaka mitatu nilikuwa nikiingoja nafasi hiyo.

"Mimi," nikasema. "Mtoto wa dadake."

Nilikuosha mkono wa kulia kwanza, kiganja kile kile cha kupigia meza. Kilikuwa kidogo kuliko nilivyokikumbuka. Nililia, na nikazidi kukasirika kwamba nalia.

Sijakusamehe. Labda nitakusamehe, sijui, usinihimize. Lakini mwanao ameleta telegramu kwamba anakuja, na hapa hana mtu. Watamweka pale pale mbele ya meza ile na kumuuliza nani anamjua. Nakuahidi nitakuwa nimesimama ubavuni pake, na nitajibu kabla hawajamaliza kuuliza. Nitafanya hivyo kwa sababu ulinifundisha, ingawa wewe mwenyewe hukufanya.

Limebaki jambo moja. Salamu ni amana, nami nimezikalia za miaka mitatu. Leo nimekuja nazo mpaka kaburini kwako. Mama anakusalimu sana. Anauliza kama hujambo. Na anakushukuru, kaka yake, kwa kunipokea.

Kwaheri, Mjomba.

Mtoto wa dada yako