Kona ya Ubao

Nyumba za Wahadhiri, Chumba 14,
Chuo Kikuu.
Tarehe 9 Juni

Mpendwa Shangazi,

Shikamoo. Nimeandika herufi kubwa makusudi, maana binamu aliniambia jicho la kushoto bado linakusumbua tangu lifanyiwe upasuaji. Je, yale matone unayatia kwa saa zake, au unayasahau kama ulivyokuwa ukitafuta miwani huku umeivaa? Na goti nalo, linakubali ngazi za huko ugenini? Mimi mwili mzima, namshukuru Mungu. Moyo ndio mgonjwa, na ndio ulionikalisha kuandika.

Uliposikia nimekuwa mhadhiri ulicheka kwenye simu ukasema Kasuku wako amefika. Shangazi, jina lile ulinipa ulipokuwa mwalimu wangu wa darasa la tatu, kwa sababu nilikariri kila kitu bila kuelewa. Huku limegeuka kuwa cheo.

Somo langu ni la dawa na vipimo vyake. Nimelirithi kwa mzee aliyestaafu, tuliyemwita Mzee Chaki, yule yule aliyenifundisha. Alinikabidhi daftari lake la jalada gumu, kurasa zimekuwa rangi ya chai, akaniambia nisome polepole, wanafunzi waandike, na mtihani niutoe humo humo. Nikafanya hivyo. Nasoma, kalamu mia moja na ishirini zinakwaruza, nageuza ukurasa. Hakuna anayeinua uso. Nilidhani hiyo ndiyo heshima.

Aliyeinua uso ni binti mmoja wa safu ya nyuma. Mtihani wa Januari ulikuwa na swali la nne, ambalo nalo nililitoa daftarini: mama amemleta mtoto wa miaka mitano, uzito wake ni huu, apewe dawa kiasi gani? Daftari linapima kwa umri. Darasa zima likaandika kijiko kizima. Yeye akaandika nusu, na chini yake akaeleza kwamba mtoto huyu amekonda mno, apimwe kwa kilo zake, kwa kuwa miaka haimezi dawa.

Sikufichi, Shangazi. Nilisoma nikajua yuko sahihi. Kalamu nyekundu ilibaki hewani kitambo. Lakini mwongozo wa kusahihisha ulikuwa wa Mzee Chaki, mimi mgeni, niko kwenye mwaka wa majaribio, nikajiuliza mimi ni nani hata nimsahihishe aliyenifundisha. Nikampa sifuri. Akapata thelathini na saba, na kupita ni arobaini. Kwa kuwa alikuwa analirudia somo, kanuni ikamwondoa chuoni. Alikuja ofisini na karatasi mkononi, nikamwambia jibu ni lile nililolisoma darasani. Akashukuru, akatoka, akafunga mlango taratibu.

Mwezi uliopita nikafika ukurasa ule ule mbele ya darasa jipya. Nikalifunga daftari.

Nikakumbuka kona yako ya ubao. Ulipokosea hesabu mbele yetu hukufuta haraka haraka. Ulihamishia kosa kwenye kona ya juu, ukalichorea kisanduku, ukaandika chini yake kwamba mwalimu alikosea hapa, likakaa wiki nzima hata mkaguzi akija. Basi nikashika chaki. Nikaandika swali la nne, sifuri niliyoitoa, na maneno yako. Nikawaambia wazi kuwa kuna mwenzao aliyetolewa chuoni kwa kosa langu. Nilipogeuka, wote walikuwa wameinama, wananakili. Mmoja akanyoosha mkono kuuliza kama hilo litatoka kwenye mtihani.

Mkuu wa idara nilimpelekea barua ya kukiri. Aliisoma amesimama. Akasema matokeo yameshapitishwa na baraza, na nikifungua karatasi moja nitafungua za miaka ishirini. Ni kweli, na hapo ndipo ninapokosa raha, maana hao wa miaka ishirini wako kwenye maduka ya dawa leo, wanapima kwa vijiko vya daftari lile. Aliahidi kuipeleka mbele. Ratiba ya muhula ujao imebandikwa, jina langu halimo.

Jumamosi nikaenda nyumbani kwa yule binti. Mama yake ni fundi cherehani, kibanda kimoja, mashine mbili. Nilimkuta binti anashona vifungo kwenye sare za shule. Mama alinifutia kigoda kwa upindo wa kanga, akanishukuru kwa kumvumilia mwanawe aliye mzito wa kuelewa. Shangazi, natamani angenitukana.

Nikaeleza yote, nikampa binti nakala ya barua. Hakuifungua. Aliiweka chini ya kopo la pini, akakata uzi kwa meno, kisha akasema bila hasira:

"Mwalimu, imenichukua miezi mitano kukubali kwamba mimi ndiye mjinga. Nimeshazoea. Usinianzishe upya."

Akachukua shati jingine. Mama yake akaniuliza kama nitakunywa maji.

Nitarudi Jumamosi hii, na ijayo, hata kama hatainua uso. Ila usiniandikie kunifariji, tafadhali. Niandikie tu ulikuwa unafanyaje siku mtoto aliposhika kosa lako akaondoka nalo. Kosa lako tulikuwa tunalifuta Ijumaa kwa kitambaa. Langu nimeliandika ndani ya mtoto wa watu.

Nisalimie binamu na mumewe, na yule mjukuu wako anayekuuliza kwa nini kila dakika. Msimnyamazishe. Baba anakusalimu, kikohozi kimempungua. Mungu akutunzie hilo jicho, uendelee kutuona tulivyo.

Wako akupendaye, niliyepewa jina nikalistahili,

Kasuku