Roboti limemtoa Mama Mchungaji

Jumanne

Na nani ataamini siyo mimi? Wiki nzima nimebishana na Mama Mchungaji juu ya vitenge vya kwaya, halafu leo roboti linalolinda kundi letu la akina mama kwenye simu limemtoa. Kosa lake ni kuandika "Haleluya" mara kumi na mbili mfululizo. Nililiwekea mwenyewe sheria ya kutoa wanaorudiarudia ujumbe, ili kuzuia matapeli.

Akanipigia. "Mama Neema, umenifukuza kwa kumsifu Bwana?"

"Siyo mimi, mama, ni mashine."

"Basi mashine yako ikaokoke!"

Nikamwambia nahangaika kumrudisha, mtandao unasumbua.

Nisamehe, Bwana. Mtandao ulikuwa mzuri. Nilimaliza kwanza chai yangu, taratibu, na kundi lilikuwa limetulia kweli.