Jembe Chini ya Godoro la Nyamizi

Mama yangu mpenzi,

Mjukuu wako sasa hivi amelivuta jembe lako kutoka chini ya godoro, amelikalia katikati ya chombo chetu cha tanga, analigonga kwa mwiko na kucheka peke yake. Nimemwachia. Naandika mbio, ndiyo maana mwandiko uko hivi, Wifi atakayekusomea anivumilie.

Shikamoo Mama. Na kwa kilugha chetu, mwangaluka mayu. Kifua kimeacha kukubana? Nyuki wamerudi mizingani? Sisi huku Kigoma tunapumua, ila moyo hauna pa kukaa. Tangu jana nampigia Kaka Maganga, hapatikani, najua yuko porini kwenye asali. Nikaona niandike. Hapa ufukweni tuna jirani, Bi Tatu, muuza vitumbua. Dada yake anapanda treni leo, barua ataishusha Tabora, halafu ikufuate Sikonge kwa basi.

Mama, unakumbuka nilikwambia Baba Nyamizi alipigwa bega na mti wa tanga. Bega halikupona vizuri. Mkono anauinua mpaka kifuani tu. Na kazi yake ni kumwendesha Profesa, yule mama mtu mzima anayepima maji ya ziwa. Anataka tanga, hataki injini, anasema mafuta yanachafua vipimo vyake. Mtu wa tanga anashika usukani kutwa nzima. Kwa mkono upi?

Profesa ana huruma. Akaleta mashine ya kushika usukani yenyewe. Sisi tunaiita Dereva. Unaiambia upande wa kwenda, yenyewe inatazama dira yake, inausukuma mkono wa usukani huku na huku. Ila lazima kwanza uipange, na kitabu chake ni Kiingereza kitupu. Baba Nyamizi akanitazama. Mimi wa kidato cha pili niliyefeli! Nikasoma neno moja moja, lingine nalirukia kama mtu anayevuka mto kwa mawe.

Kuna namba ya nguvu ya usukani. Tukaweka tisa, chombo kikaenda kama mlevi anayetoka kilabuni, kushoto, kulia, kushoto. Tukaweka mbili, kikasinzia, mawimbi yakakipeleka yanakotaka. Tano ikaonekana nzuri. Kisha kitabu kinataka mzunguke polepole ziwani, duara baada ya duara, ili dira ya Dereva ijijue iko wapi. Tulizunguka mpaka Bi Tatu akanipigia kelele kutoka nchi kavu, "Shoga, mnatafuta kibla?" Nilicheka siku hiyo. Baadaye sikucheka tena.

Maana kila tukimaliza, Dereva anaandika kwamba dira imepotoka sana, tafuta chuma kilicho karibu. Tukatoa nyundo. Tukatoa sanduku la spana, jiko la mkaa, redio, hata sufuria. Bado. Wiki iliyopita tulitoka na Profesa, ikaenda vizuri kidogo, halafu Dereva akageuza chombo kuelekea mwambani kama aliyeitwa huko. Baba Nyamizi aliurukia usukani kwa mkono ule ule mbovu. Mama, alilia. Sijawahi kumsikia mwanamume akilia vile mbele ya watu.

Profesa hakugomba. Alisubiri tufunge kamba, ndipo akasema, "Baba Nyamizi, mimi nakupenda, lakini siwezi kuzama na wewe. Jumatano nakuja mara ya mwisho. Isiposhika njia, nitatafuta mtu mwenye mikono miwili."

Jumatano ndiyo leo. Na chombo hiki ndicho nyumba yetu, tunalala humu humu. Kazi ikienda, godoro nalo linakwenda ufukweni.

Sasa sikiliza alichofanya Nyamizi. Nilikuwa nimewasha Dereva nikiangalia tu, chombo kimefungwa, kimetulia, namba ya dira imesimama kwenye mia na arobaini. Mtoto akavuta jembe. Namba ikaruka hadi mia na sabini. Nikalirudisha chini ya godoro, namba ikarudi. Nikalitoa, ikaruka. Mara tatu, Mama. Kidude cha dira kimefungwa nyuma ya ubao ule ule anapolaza kichwa mtoto. Nililiweka mwenyewe pale, nimelifunga kwenye khanga, kama ulivyonionyesha.

Tumetoa hadi vijiko. Jembe sikulihesabu kuwa chuma. Nililihesabu kuwa wewe.

Sijasahau maneno yako. Nilipomzika mwanangu Petro hajatimiza mwaka, ulinikabidhi jembe la Bibi, lile alilotolewa mahari, ukasema, "Huyu anayekuja alilalie, lisitengane naye hata siku moja mpaka aote meno ya ukubwani." Na Nyamizi hajawahi kuugua hata homa. Nitalitoaje? Nisipolitoa, baba yake nimemwangusha mimi, siyo bega. Na bado sijamwambia, kaenda kumpokea Profesa barabarani. Namwambiaje kwamba machozi yale yalitoka chini ya godoro letu?

Nimewaza kulisogeza mbele, chombo chenyewe ni hatua kumi, sijui kama huko halitapotosha dira, na muda wa kujaribu sina. Ningekuuliza ukanijibu, lakini treni haijibu leo.

Basi nimeamua hivi, na kama nimekosea unisamehe kabla ya kukasirika. Ulisema jembe lisitengane na mtoto. Hukusema lisitengane na mimi. Nyamizi anabaki kwa Bi Tatu, na jembe chini ya kichwa chake. Mimi ndiye nitakayetoka bila kinga, maana kitabu nakijua mimi. Hajawahi kuachwa, atalia. Tutaanza upya na zile duara, na tano yetu. Naamini itashika, Mama. Tukirudi salama nijibu jembe lilale wapi siku zote.

Nisalimie Wifi, Kaka akitoka porini, na mama mchungaji aliyeniombea nilipokuwa na mimba, mwambie asiache kuniombea.

Nimerudi, nilikuwa nampeleka mtoto. Bi Tatu kalipokea jembe kwa mikono miwili, hata hakutania. Kasema, "Nenda, mwanangu, nimewashika wote wawili." Nyamizi kalala papo hapo, hakulia, kidole kimoja kwenye tundu la mpini. Namwona kutoka hapa nilipo, na nikimtazama hivi naona kabisa kwamba wewe ndiye unayemlinda, na—

Baba Nyamizi ananiita, "Mama Nyamizi! Profesa huyu hapa, njoo uwashe!" Bi Tatu naye kaja, ananyoosha mkono achukue barua ampe dada yake. Mama, sikuliacha jembe lako, nimelikabidhi kwa mto—